Ofisi Imewaita Wote Warudi: Jinsi ya Kuomba Siku Mbili za Kufanyia Kazi Nyumbani na Kukubaliwa

Barua nyingi za kuomba kufanyia kazi nyumbani hukataliwa kabla bosi hajafika aya ya pili. Najua kwa sababu niliwahi kuandika moja ya hizo ikakataliwa, na leo nasimamia watu kumi na mmoja wa idara ya hesabu, kwa hiyo nazisoma mimi.

Zinafanana. Zinaeleza foleni ya Morogoro Road, nauli, mtoto anayeachwa na dada wa kazi, uchovu wa kuamka saa kumi usiku. Yote ni kweli tupu. Lakini hamna hata sentensi moja inayosema kazi itafanyikaje. Bosi akimaliza kusoma amezijua shida zako zote, na bado hajui malipo ya wazabuni yatapitishwa na nani siku ya Alhamisi.

Mwongozo huu ni wa mwajiriwa mwenye kazi ya mezani, ambaye ofisi yake imetaka watu warudi siku zote tano, naye anataka abakiwe na siku moja au mbili za nyumbani. Nimeuandika nikiwa Dar es Salaam. Wa Nairobi au Kampala atabadilisha sheria na majina ya barabara, hatua ni zile zile. Zitakuchukua kama wiki tatu kabla ya kuwasilisha ombi.

Kama kazi yako ni ya kaunta, ghala, wodi au darasani, ruka hadi sehemu ya mwisho. Huko kuna ombi linalokufaa zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Nakala ya mkataba wako wa ajira na barua zozote zilizoubadilisha
- Waraka au barua pepe iliyowaita mrudi
- Daftari moja la kuandika kazi za kila siku kwa wiki mbili
- Njia mbili za intaneti za mitandao tofauti
- Chanzo cha umeme cha akiba, hata kidogo
- Jina la mwenzako mmoja ambaye atabaki ofisini siku ambazo wewe haupo

Hicho cha mwisho watu wengi hukisahau, na ndicho kinachoangusha maombi mengi kuliko umeme.

## Hatua ya 1: Soma waraka na mkataba, neno kwa neno

Tafuta majibu ya maswali matatu. Waraka unasema "wote" au unasema "kwa idhini ya mkuu wa idara"? Nani hasa mwenye mamlaka ya kuruhusu? Na mkataba wako umeandika kituo cha kazi ni wapi?

Kwa Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, yakiwemo mahali pa kazi na saa za kazi. Yakibadilika, anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Maana yake ni hii: kama mkataba unasema kituo chako ni ofisi iliyoko Posta, katikati ya jiji, na hukuwahi kupewa barua nyingine, mwajiri akikuita Posta hajabadilisha kitu. Anayeomba mabadiliko ni wewe. Lakini kama uliwahi kupewa barua inayosema unafanyia kazi nyumbani, itafute leo, maana hapo yeye ndiye anayebadilisha na ana wajibu wa kukaa na wewe.

Tahadhari: usiifungue barua yako kwa kifungu cha sheria. Barua inayoanza hivyo hupelekwa kwa mwanasheria wa kampuni, na mazungumzo na msimamizi wako yanaishia hapo.

Umefanikiwa kama: unaweza kumtaja mtu mmoja anayeweza kusema ndiyo, na unajua kama maneno ya waraka yamemwachia nafasi ya kuisema.

## Hatua ya 2: Andika kila unachofanya kwa wiki mbili

Usitegemee kumbukumbu. Kila siku andika kazi, muda ulioanza, muda uliomaliza, na kama ilihitaji mtu, karatasi au mashine iliyoko ofisini.

Baada ya wiki mbili zigawe mafungu mawili. Nikitoa mfano wa mhasibu wangu mmoja: kulinganisha daftari la benki na taarifa ya benki, kuandaa ripoti ya mwezi na kukagua madai ya safari zilikuwa kazi za utulivu. Kusaini hundi, kuhesabu fedha taslimu, kupokea ankara za karatasi na kuwaelekeza wanafunzi wa mafunzo kazini zilikuwa kazi za ofisini. Alipojumlisha saa akakuta kazi za utulivu zinajaza karibu siku mbili kwa wiki. Alikuja akitaka siku tatu, akaomba mbili, na akaweza kuzitetea saa kwa saa.

Sababu ya hatua hii ni kwamba bosi hataki kujua unapenda kukaa wapi. Anataka kujua nini kitakwama. Ukimwonyesha mwenyewe kwamba hundi na ankara utazifanya Jumatatu na Jumatano, umelijibu swali lake kabla hajaliuliza.

Tahadhari: daftari likikuonyesha kwamba karibu kila siku kuna mtu anakuja mezani kwako kuuliza jambo, usiombe siku mbili. Omba moja, au usiombe kabisa kwa sasa. Nimeona watu wakipewa siku walizoomba, kisha wenzao wakabeba maswali yao, na chuki ikaingia idarani.

## Hatua ya 3: Iweke nyumba tayari

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Mara ya kwanza niliomba kabla ya kuandaa chochote, nikapewa wiki moja ya kujaribu, na siku ya pili umeme ukakatika katikati ya kikao na wakaguzi. Bosi hakunigombeza. Alisema tu, "Rudi ofisini, mama," na habari ikaishia hapo kwa mwaka mzima.

Umeme. Piga hesabu. Kompyuta mpakato hula kama wati 50, ruta kama wati 12, jumla 62. Betri ya sola ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula sehemu yake. Tegemea saa nane hivi, ambazo ni siku nzima ya kazi.

Kama fedha haijapatikana, anza na kibetri cha ruta peke yake. Kompyuta ina betri yake ya saa kadhaa. Kinachokutoa kwenye kikao sekunde ile umeme unapokatika ni ruta.

Intaneti. Kama nyumbani una faiba, akiba yako iwe bando la simu la kampuni nyingine. Laini mbili za kampuni moja si njia mbili. Kikao cha video cha watu wengi hula GB 1 kwa saa au zaidi, hivyo mwenye vikao vya saa nne kwa wiki asinunue bando la GB 2 akitumaini. Mtandao ukilegea zima kamera, ubaki na sauti, na waambie wenzako kwa nini umeizima.

Ziko siku ambazo akiba haisaidii. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nyumba na ofisi za Tanzania na Kenya ziliteseka pamoja. Kwa siku kama hiyo weka orodha ya kazi zisizohitaji mtandao: rasimu, ukaguzi wa majalada uliyokwisha kuyapakua, taarifa ya kuandika.

Watu wa nyumbani. Hapa usichukulie kirahisi. Kwa wengi wetu mtu aliyeko nyumbani mchana ni mtu aliyepo, na aliyepo hutumwa. Mama mkwe alipokuja kutusalimia, siku yangu ya kwanza ya kazi ya nyumbani alifungua mlango mara nne kabla ya saa sita. Mara ya nne alishika sinia la mchele.

"Mwanangu, si upo tu? Nichambulie huu, mimi macho hayaoni mawe."

Nilikuwa kwenye simu na benki. Nilichambua mchele huku nikisoma tarakimu za malipo, na nikakosea moja. Jioni nilikaa naye chini.

"Mama, naomba radhi kwa mchana. Pale mezani nikiwa nimevaa hizi za masikioni, nipo kazini kama nilivyokuwa nakwenda Posta. Saa saba natoka tunakula wote, saa kumi na moja mimi ni wako."

"Ungeniambia tangu asubuhi, mwanangu. Mimi nilijua umepewa likizo."

Ongea nao kabla ya siku ya kwanza, mmoja mmoja, kwa heshima, na uwape alama wanayoiona kwa macho: mlango uliofungwa, kitu cha masikioni, kitambaa juu ya kiti, chochote. Mtu mzima hapaswi kubahatisha kama anaruhusiwa kusema na mwanawe. Na hiyo saa saba uliyoahidi, toka kweli ukale nao.

Siri za kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana mwajiri wako kuhusu taarifa za wateja na wafanyakazi anazozishika, na ukizipeleka nyumbani wajibu wake unakufuata. Usitumie kompyuta ambayo watoto wanachezea. Usipige picha orodha ya mishahara ukaituma WhatsApp ili uifungue kwenye simu. Weka nywila, na kioo kijifunge baada ya dakika chache.

Umefanikiwa kama: umefanya kazi Jumamosi moja kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, swichi kuu ya umeme ikiwa imezimwa kwa saa moja ya hizo, bila kukwama. Fanya jaribio hili kweli. Kila aliyelifanya amegundua kitu.

## Hatua ya 4: Chagua siku

Usiombe Jumatatu na Ijumaa. Hata uwe na sababu nzuri namna gani, msomaji ataona wikiendi ya siku nne. Jumanne na Alhamisi hazina harufu hiyo, na hutokosekana ofisini siku mbili mfululizo. Epuka pia siku ya kikao cha idara na, kwa watu wa hesabu, siku za kufunga mwezi.

## Hatua ya 5: Andika barua ya ukurasa mmoja

Omba majaribio ya wiki nane. Kumruhusu mtu moja kwa moja ni uamuzi mzito. Kumruhusu kwa wiki nane ni uamuzi ambao bosi anaweza kuurudisha bila kuonekana amekosea. Mpangilio wangu ni huu, nawe ubadilishe yaliyomo:

> YAH: OMBI LA KUFANYIA KAZI NYUMBANI SIKU MBILI KWA WIKI KWA MAJARIBIO YA WIKI NANE
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Naomba kufanyia kazi nyumbani kila Jumanne na Alhamisi kwa wiki nane kuanzia tarehe ya kibali chako. Siku nyingine tatu nitakuwepo ofisini kama kawaida.
>
> Siku hizo nitafanya ulinganishaji wa benki, ukaguzi wa madai ya safari na ripoti ya mwezi, kazi ambazo kwa kumbukumbu za wiki mbili zilizopita zimechukua saa 14 kwa wiki. Hundi, fedha taslimu na ankara zitabaki kuwa kazi za siku za ofisini. Jambo la dharura linalohitaji mtu mezani litashughulikiwa na mwenzangu tuliyekubaliana, nami nitamshikia zamu yake Jumatatu.
>
> Nitapatikana kwa simu saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Nina njia mbili za intaneti na umeme wa akiba wa siku nzima. Vyote vikishindikana, nitakujulisha ndani ya dakika 15 na nitakuja ofisini.
>
> Kipimo cha majaribio kiwe: ulinganishaji wa benki kukamilika kila Alhamisi jioni, na ripoti ya mwezi kutolewa siku ile ile inayotolewa sasa. Kipimo kisipofikiwa, nitarudi siku zote tano.

Foleni haimo. Watoto hawamo. Ukiulizwa ana kwa ana, eleza kwa ukweli. Kwenye karatasi acha kazi ijitetee.

Sentensi ya mwisho inawatisha wengi, na wananiomba waitoe. Iache. Ndiyo inayomwonyesha bosi kwamba hatalazimika kupigana na wewe siku mambo yakiharibika.

Tahadhari: usimtaje mwenzako kabla hajakubali. Na usiandike "saa zote nitapatikana." Sheria ile ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na ukomo huo haufutwi kwa kuwa meza ipo sebuleni kwako.

## Hatua ya 6: Ongea kabla ya kukabidhi

Barua inayomfika msimamizi kupitia kwa afisa rasilimali watu humfanya ajisikie amerukwa. Anza kwake. Mwombe dakika kumi, asubuhi, si Ijumaa jioni anapotafuta ufunguo wa gari.

"Shikamoo mzee. Nimesoma waraka nimeuelewa. Nina pendekezo kuhusu kazi za ulinganishaji, naomba ulisikie kabla sijaliandika. Ukiona kuna kitu kitakwama, nirekebishe kwanza."

Kisha nyamaza. Atakachokitaja kwanza ndicho anachokihofia, nacho lazima kipate jibu ndani ya barua. Akisema, "Nikikuruhusu wewe, wote watakuja," usimwahidi kuficha. Mwambie kila anayekuja aje na daftari la wiki mbili na vipimo kama vyako. Mimi mwenyewe siku hizi nawaambia hivyo hivyo watu wangu.

Akikuuliza ushahidi, upo mmoja mzuri. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Nicholas Bloom, Ruobing Han na James Liang uliofanyika kwenye kampuni ya Trip.com huko China kwa wafanyakazi 1,612. Waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa kama ni witiri au shufwa: kundi moja siku zote tano ofisini, jingine siku mbili nyumbani. Tathmini za kazi na kupandishwa vyeo havikutofautiana, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja katika kundi la siku mbili. Mameneja, ambao kabla ya kuanza walikadiria tija ingeshuka kwa asilimia 2.6, mwishoni walikadiria imepanda kwa asilimia 1. Utaje kwa kifupi, na useme wazi kwamba ulihusu siku mbili, si tano, na watu wa kazi za mezani.

Umefanikiwa kama: umetoka na pingamizi moja la wazi, au na neno "andika."

## Hatua ya 7: Wiki nane za majaribio

Wiki mbili za kwanza ndizo zitakazokumbukwa. Asubuhi tuma ujumbe wa mistari mitatu: nafanya nini leo, nini kitakamilika, nani ananisubiri. Jioni jibu mistari hiyo hiyo. Usiandike zaidi, ripoti ndefu huonyesha wasiwasi.

Simu ya bosi ipokelewe. Ukiwa bafuni, piga ndani ya dakika tano. Ni jambo dogo, lakini simu moja isiyopokelewa Alhamisi saa tatu asubuhi hubaki kichwani mwake kuliko ripoti nne zilizowahi.

Siku za ofisini zitumie kwa watu. Usije ukavaa za masikioni ukajifungia na majedwali ambayo ungeyafanya nyumbani. Kaa na vijana, waulize wamekwama wapi, nenda chakula cha mchana nao. Vijana wapya wanajifunza kwa kusikia unavyoongea na benki kwenye simu, na hakuna ujumbe unaowapa hilo. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote kwa yeyote mwenye watu chini yake, maana nimewahi kumpoteza kijana mzuri wa mafunzo kazini ambaye kwa miezi mitatu hakuwa na wa kumuuliza.

Wiki ya saba, usisubiri ya nane, andika nusu ukurasa: vipimo viwili, matokeo ya kila wiki, siku zilizokwama na ulichofanya. Siku zilizokwama ziandike zote. Omba kibali kiendelee, na kiwe kwa barua inayosema siku, muda, na namna ya kukisitisha.

## Ombi likikataliwa, au kazi yako hairuhusu

Uliza mambo mawili tu: sababu ipi kubwa, na lini unaweza kuuliza tena. Andika jibu pamoja na tarehe.

Kisha fikiria ombi la saa. Kuingia saa moja kamili asubuhi na kutoka saa kumi kamili hakumwondoi mtu ofisini, kwa hiyo hukubaliwa hata pale siku za nyumbani zimepigwa marufuku. Mwenye kukaa Kibamba au Chanika, pembezoni mwa Dar, anajua gari la saa kumi na moja alfajiri linavyotofautiana na la saa kumi na mbili na nusu. Hata muuguzi au mtu wa kaunta anaweza kuliomba kwa kubadilishana zamu na mwenzake. Andika barua ile ile ya ukurasa mmoja: saa gani, nani atashika dirisha ukishatoka, majaribio ya wiki nane, kipimo kimoja.

Mimi baada ya kukataliwa nilianza na hilo. Niliingia saa moja kwa miezi mitano, nikifunga ulinganishaji kabla ya wengine hawajafika, na daftari langu nikaendelea kulijaza kila siku. Siku niliyorudi kuomba Jumanne na Alhamisi nilikuwa na kurasa za miezi mitano za kuweka mezani, na betri.